UZI: Shangazi anapanda treni ya Madaraka kwa mara ya kwanza, Mombasa hadi Nairobi. Tumwelekeze

#1 Binti_Chumbageni

Wakuu, salaam. Shangazi yangu ana miaka 63, anatoka Tanga kwenda Nairobi kwa binti yake anayejifungua mwezi ujao. Hajawahi kupanda treni wala kuvuka mpaka wa Horohoro. Kusoma anasoma vizuri, simu yake ni ya kitochi, na goti la kulia linamsumbua kwenye ngazi. Basi la moja kwa moja hadi Nairobi hataki kulisikia.

Naomba kujua tiketi inakatwaje ukiwa Tanga, apande ya saa ngapi, abebe nini na asibebe nini, na akishuka anafikaje kwa binti yake. Elezeni kama mnamweleza mtu asiyejua lolote, maana uzi huu nitamchapishia aubebe.

#2 Mjomba_wa_Changamwe

Dada, nianze na saa, kwa sababu ukikosea hapo mengine yote yanaharibika.

Kwa kawaida zinaondoka treni tatu kwa siku kutoka Mombasa. Ya saa mbili asubuhi (kwenye tiketi itaandikwa 08:00) husimama njiani: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Hiyo huchukua kama saa sita. Kisha kuna ya saa tisa alasiri (15:00) na ya saa nne usiku (22:00). Hizo ni za haraka, hazisimami kila kituo, na huchukua saa tano na ushei. Sikukuu zikikaribia huongezwa nyingine na saa husogezwa, kwa hiyo ya kuiamini ni saa iliyo kwenye tiketi, si hii niliyoandika hapa.

Mkatie ya asubuhi. Anafika baada ya saa nane mchana, jua lipo, watu wapo, na binti yake au mumewe anaweza kumpokea bila kuomba ruhusa ya ajabu kazini. Ya saa tisa itamfikisha giza limeshaingia.

Na jambo moja nalisisitiza: asitoke Tanga akapanda treni siku hiyohiyo. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65, halafu kutoka Lungalunga (upande wa Kenya wa mpaka) hadi Mombasa ni zaidi ya 100. Kwa ramani unaona anawahi ya saa tisa. Lakini mpakani foleni haitabiriki, basi linasubiri abiria wake wote wamalize, na mbele kuna feri ya Likoni kama basi linapita huko. Akipitwa na treni ile tiketi haihamishiwi treni inayofuata, anakata nyingine. Alale Mombasa usiku mmoja.

#3 Mvita_Kale

Kuongezea kwa Mjomba: mahali pa kulala pana maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Stesheni ya Mombasa haiko mjini. Iko Miritini, bara ya magharibi, kwenye barabara ya kwenda Nairobi. Akilala Likoni itabidi avuke feri alfajiri pamoja na watu wote wanaokwenda kazini, halafu akatize kisiwa, apite Kibarani na Changamwe ambako malori ya bandarini yanajipanga. Akilala kisiwani amepunguza nusu ya shida. Akilala Changamwe, Mikindani au Miritini kwenyewe, asubuhi ni tuktuk (bajaji) tu.

Kama analetwa na gari la ndugu kutoka Lungalunga, dereva aulize barabara ya Dongo Kundu. Inachepuka kwenye barabara ya Lungalunga kabla ya kufika Likoni, inavuka madaraja na kutokea upande wa Miritini. Feri hukutani nayo kabisa.

#4 Karani_Mstaafu

Tiketi sasa. Hapa ndipo watu wa Tanzania wanapokwama.

Inakatwa kwa njia tatu: kwa kubonyeza *639#, kwenye tovuti ya metickets.krc.co.ke, au dirishani stesheni. Hizo mbili za mwanzo malipo yake kwa kawaida ni ya M-Pesa ya Safaricom. M-Pesa ya Vodacom Tanzania ni kitu kingine. Ombi la malipo halitafika kwenye laini ya +255, na *639# kwenye laini ya Tanzania haipigi. Kwa hiyo msihangaike Tanga. Binti yake aliyeko Nairobi akate yeye, kwa simu yake, lakini kwa jina la shangazi na namba ya hati ya shangazi.

Mfumo utauliza tarehe, kituo cha kuondokea (Mombasa), kituo cha kufikia (Nairobi), daraja, idadi ya abiria, kisha jina, aina ya kitambulisho na namba yake. Aina achague pasipoti. Watu wengi wakiwa na haraka wanaacha palipochaguliwa kitambulisho cha taifa cha Kenya, halafu wanajaza namba ya pasipoti humo. Siku ya safari mkaguzi anaona kitambulisho cha taifa kwenye tiketi na pasipoti mkononi, maswali yanaanza.

Namba ya pasipoti iandikwe yote, herufi na tarakimu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile mnalomwitia nyumbani. Kama pasipoti yake imeisha muda na anasafiri kwa hati ya dharura ya Uhamiaji, basi namba ni ya hati hiyo. Kanuni ni nyepesi: hati atakayoionyesha getini ndiyo hati iliyo kwenye tiketi. Anayetumia namba ya pasipoti ya zamani, iliyobaki kwenye picha ya WhatsApp ya mwaka juzi, ndiye anayebaki nje.

Baada ya kulipa utakuja ujumbe wenye namba ya tiketi, behewa na kiti. Binti aupeleke ujumbe huo kwenye kitochi cha shangazi, na shangazi anakili namba kwenye karatasi. Betri ya kitochi hudumu, lakini kitochi pia hudondoka.

#5 Stima_ya_Usiku

Kwa nini mnamkataza ya saa nne usiku? Hahitaji kulala Mombasa, anaokoa hela ya gesti, treni ina kiyoyozi, analala, akiamka yuko Nairobi. Wengi wanafanya hivyo.

#6 Mjomba_wa_Changamwe

> Stima_ya_Usiku alisema: analala, akiamka yuko Nairobi

Inafika kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri, bwana. Huo si usingizi. Treni ya Madaraka haina vitanda, ni viti tu, na vya daraja la kawaida havilazwi nyuma. Utamwamsha mama wa miaka 63 saa tisa na nusu usiku kwenye baridi ya Syokimau, iliko stesheni ya Nairobi, halafu atafute teksi? Kijana mwenye mkoba mmoja na simu ya kisasa, sawa, hata mimi nitamwambia apande.

Na kuna mtego mwingine wa treni hiyo. Tiketi ina tarehe ya kuondoka. Ukiondoka Ijumaa saa nne usiku umefika Jumamosi alfajiri. Anayepokea akisikia "nakuja Ijumaa", anakuja Ijumaa jioni au anajipanga kwa Jumamosi mchana.

#7 Stima_ya_Usiku

Kwa mama huyo nimekubali. Kwa vijana bado nasimama na ya usiku.

#8 Binti_Chumbageni

Nashukuruni. Nauli ikoje, na mnashauri daraja gani? Goti ndilo linanipa mawazo.

#9 Karani_Mstaafu

Nauli za safari nzima zilipandishwa 1 Januari 2024: daraja la kawaida shilingi 1,500 za Kenya, daraja la kwanza 4,500. Kuna na daraja la juu zaidi la 12,000, hilo liacheni kwa wenye nalo. Mtoto chini ya miaka 3 halipiwi, wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu. Wakati wa kukata, mfumo wenyewe utaonyesha bei ya siku hiyo, mlipe hiyo.

Tofauti ya madaraja ni hii. Kwenye daraja la kawaida viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vinatazamana, na katikati kuna meza ndogo. Behewa moja lina watu zaidi ya 100. Maana yake magoti ya shangazi yatakabiliana na magoti ya mtu asiyemjua kwa saa sita, na akiwekwa dirishani upande wa viti vitatu, kila akitaka kwenda msalani watu wawili wanainuka. Daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, nafasi ya miguu ni kubwa kidogo, na watu ni wachache.

Kwa mtu mzima asiye na tatizo, la kawaida linatosha kabisa. Kwa goti bovu, kama hela ipo, mkatieni la kwanza wakati wa kwenda. Kama haipo, akae la kawaida na kila baada ya kama saa moja asimame, atembee kwenye ujia. Treni haiyumbi sana, mwendo wake haupiti kilomita 120 kwa saa, na ujia una viti vya kushikilia pande zote.

Msishangae akijikuta amekaa kinyumenyume. Viti vinatazamana, nusu ya abiria lazima watazame wanakotoka. Anayepata kichefuchefu aombe kubadilishana na jirani, kwa kawaida watu hukubali.

#10 Mama_Halima254

Dada, ngoja nikueleze Miritini kulivyo hatua kwa hatua, maana ukaguzi ndio unaowatia watu wageni kiwewe. Wanadhani wametuhumiwa jambo.

Treni ni saa mbili kamili. Awe getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata saa kumi na mbili kamili si mapema mno. Mageti hufungwa kabla ya treni kuondoka, kwa hiyo anayefika saa mbili kasoro dakika tano amechelewa, hata kama treni bado anaiona.

Akishuka kwenye tuktuk ataelekezwa kwenye mstari. Abiria wanapanga mizigo yao chini, wanarudi nyuma, na mbwa wanapitishwa kuinusa. Asikimbilie mkoba wake na asimguse mbwa. Kwa Waislamu wenye wasiwasi wa udhu na nguo za kuswalia: kitenge au mswala auweke ndani ya begi, si juu yake, kwa sababu pua ya mbwa inagusa nje ya mzigo. Hata pochi yenye pasipoti itawekwa chini pamoja na mengine. Anapoondoka pale aangalie ameokota vyote.

Kisha mizigo inapita kwenye mashine, na yeye anapita mlangoni. Simu na funguo vinaenda kwenye mashine pia. Halafu anahitaji tiketi ya karatasi. Ziko mashine za kuchapisha: unaweka namba zilizo kwenye ujumbe, inatoka. Akiona mashine inamgomea asipoteze dakika 20 kubishana nayo, aende dirishani na pasipoti na namba yake aliyoiandika. Au amwambie mhudumu mwenye sare, "Mwanangu nisaidie kuchapa." Wapo kwa kazi hiyo.

Tiketi ikishatoka aisome palepale: jina, tarehe, saa, namba ya behewa, namba ya kiti. Baada ya hapo anakaguliwa tiketi na pasipoti kwa pamoja, mizigo inapita mashine mara nyingine, ndipo anaingia sehemu ya kusubiri. Kuna ngazi za kawaida, ngazi za umeme na lifti. Kwa goti lake aulize lifti mapema, na kama siku hiyo limevimba aombe kiti cha magurudumu tangu getini.

Lango la kwenda kwenye treni likifunguliwa watu husimama wote kwa pamoja kama wanagombea. Yeye akae. Kiti chake kina namba, hakuna atakayekichukua kihalali.

#11 Kibarani_Leo

Na akikikuta kimechukuliwa kinyume cha halali, asikubali neno la "mama kaa tu hapo kwangu". Akikaa kwa mwenzake, mwenye kile kiti akipanda Voi atamwinua, na safari nzima anahamahama. Kila behewa lina mhudumu, amwonyeshe tiketi, atamalizana naye.

Namba ya behewa iko ubavuni karibu na mlango, na mhudumu husimama hapo. Treni ni ndefu. Akiingia behewa la mbali akidhani atatembea ndani kwa ndani, goti litamkumbusha.

#12 Mwalimu_Pangani

Mizigo. Namjua mama wa Tanga anayekwenda kwa mzazi: atataka kubeba soko zima.

Vinavyokataliwa bila mjadala ni silaha, visu, pombe, petroli na mafuta ya taa, mtungi wa gesi, na wanyama hai. Kuku wa supu ya mzazi, kwa hiyo, atanunuliwa Nairobi. Dawa ya mbu ya kupuliza na vitu vingine vya kopo la mgandamizo huishia mikononi mwa wakaguzi. Mbuzi ya kukunia nazi ina ulimi wa chuma wenye meno. Msiitie kwenye begi halafu mkashangaa ikitolewa. Hata kisu kidogo cha kumenyea machungwa kibaki nyumbani.

Samaki: nguru mbichi au papa mkavu ndani ya behewa lililofungwa madirisha na kiyoyozi ni ugomvi, hata kama umemfunga mara tatu. Duriani pia asibebe, Mombasa akiziona asidanganyike na bei. Machungwa ya Muheza machache ya zawadi hayana neno kwenye treni, lakini gunia la machungwa mpakani ni biashara na litakaguliwa kama biashara.

Kipimo cha mzigo ni hiki: abebe anachoweza kukinyanyua mwenyewe hadi kichwani, kwa sababu sehemu ya kuweka mizigo iko juu ya viti. Begi moja la wastani na mkoba mmoja wa mkononi. Mizigo mizito ya mzazi itumwe kwa basi kabla. Mifuko ya plastiki ya kubebea asibebe kabisa. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na kwetu tangu Juni 2019 haitakiwi vilevile, ila najua bado mnayo uvunguni. Atumie kikapu au mfuko wa kitambaa.

Mkoba wa mkononi uwe na pasipoti, kadi ya homa ya manjano, tiketi, dawa zake za siku mbili, maji, vitafunio na sweta. Hivi visiende juu, vikae naye.

#13 Mama_Halima254

Hapo kwenye sweta pigia mstari. Kiyoyozi cha ndani ni kikali kwa mtu wa pwani, na Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba huko asubuhi watu wanavaa makoti. Na soksi.

Chakula: ndani wanapita na kitoroli cha chai, soda, maji na vitafunio, na kuna behewa la chakula. Bei si za mtaani. Visheti, mkate wa mofa na ndizi zitamtosha. Mchuzi aache, meza ni ndogo na treni ikishika breki unamwagikia watu wanne.

Swala: akifika baada ya saa nane Adhuhuri bado ina wakati, kwa hiyo si lazima aswali kitini kama hapendi.

#14 Binti_Chumbageni

Mmenifungua macho, ya mbuzi ya nazi sikuiwaza na kweli alishaifunga. Mpakani je? Na hela?

#15 Karani_Mstaafu

Mpakani jambo la lazima ni mihuri miwili: wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya. Abiria wageni huona mstari mmoja umeisha wanarudi kwenye basi. Bila muhuri wa Kenya safari ya treni inaweza kupita, lakini akirudi ataulizwa aliingiaje. Afungue pasipoti ahesabu mihuri kabla ya kutoka jengoni.

Aandike namba ya usajili wa basi na namba ya simu ya kondakta. Mabasi hupanga mstari, mengine yanafanana rangi.

Wakimuuliza anakwenda wapi, ajibu moja kwa moja: Nairobi, kwa mwanangu, siku kadhaa. Awe na jina la mtaa na namba ya simu ya binti.

Hela: abadilishe kiasi cha gesti, tuktuk na chakula, na abadilishe dukani penye kibali, si kwa vijana wanaoshika noti mkononi dirishani mwa basi. Noti ya Kenya ya 1,000 halali ina picha ya jengo la KICC (jumba la mikutano la Nairobi). Ile ya zamani yenye sura kubwa ya Mzee Kenyatta ilifutwa 30 Septemba 2019, haina thamani dukani. Mgeni ndiye anayebambikiwa.

#16 Kibarani_Leo

Mkiweza, akifika Mombasa asajiliwe laini ya Safaricom kwa pasipoti yake, binti amtumie hela ndogo humo. Nairobi kuanzia matatu hadi muuza maji wanapokea kwa simu, na kwa mtu asiyezijua noti ni salama zaidi. Kitochi kinatosha. Huku tunakiita mulika mwizi, akisikia jina hilo asidhani anatukanwa.

#17 Mkaa_Dirishani

Mmesema mengi ya shida, nami niseme ya raha. Akipata kiti cha kushoto (kushoto kwa treni inakoelekea, si kwake kama amekaa kinyume) ataona milima ya Taita ikikaribia Voi, baadaye vilima vya Chyulu, na kukiwa hakuna mawingu, Kilimanjaro upande wa Kibwezi na Emali. Niseme ukweli, kwa treni ya asubuhi mlima mara nyingi umeshajifunika anapopita.

Kati ya Voi na Mtito Andei reli inapita palipokutana hifadhi mbili, Tsavo Mashariki kulia na Tsavo Magharibi kushoto. Tembo wa hapo ni wekundu kwa vumbi la udongo. Reli imeinuliwa kwenye tuta na kuna madaraja na vivuko vya wanyama kupita chini, kwa hiyo unawatazama kutoka juu. Mwendo ni wa haraka: ukisema "tazama" wameshapita. Macho yakae mbali, si karibu na reli. Reli ya zamani ya Waingereza, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, utaiona mara kwa mara pembeni.

#18 Mtu_wa_Himo

Swali la pembeni, samahani mwenye uzi. Mtu akitaka kurudi Moshi badala ya Tanga, anaweza kushuka njiani?

#19 Mjomba_wa_Changamwe

Anaweza. Akate Nairobi hadi Voi kwa treni ya asubuhi, ile inayosimama njiani. Stesheni ya Voi iko nje kidogo ya mji, bodaboda na teksi zinasubiri. Kutoka Voi kuna barabara ya lami hadi Taveta, zaidi ya kilomita 100, kisha mpaka wa Taveta na Holili, na Moshi si mbali. Angalizo: kwenye vituo vya kati treni husimama dakika chache tu. Asimame na mzigo mlangoni kabla, mara itangazwapo Voi. Anayengoja treni isimame ndipo atafute begi atashukia Miasenyi.

Wakati wa kwenda shangazi naye ajue hilo: treni ikisimama Voi au Mtito Andei asishuke kununua kitu au kunyoosha mguu. Haipigi honi ya kumwita mtu.

#20 Msyokimau

Mimi nimalizie upande wa Nairobi, maana hapo ndipo maelezo ya watu hukatika.

Stesheni inaitwa Nairobi Terminus na iko Syokimau, si katikati ya jiji. Treni ikifika ni mwisho wa reli kwa abiria hao, wote wanashuka, kwa hiyo hana haja ya kukimbilia mlango. Aache wenye haraka watangulie, ashuke taratibu. Tiketi asiitupe hadi awe nje ya stesheni kabisa.

Wapokeaji hawaingii hadi kwenye treni. Kwa hiyo "nitakuwa stesheni" haitoshi. Binti au mkwe amwambie mahali panapoonekana, nje ya mlango wa kutokea abiria, na avae kitu atakachokitambua. Wakati huohuo mamia ya watu wanatoka na mabegi, na madereva wa teksi wanaita. Atakayeshika begi lake na kusema "mama twende" hajatumwa na mtu. Amjibu "nimepokelewa", aendelee kutembea.

Kama hakuna wa kumpokea, kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni treni ya mjini inayounganisha Syokimau na stesheni kuu ya zamani, katikati ya jiji. Ni nafuu, haiishii kwenye msongamano wa Mombasa Road, na mchana hupangwa ifuatane na kuwasili kwa Madaraka. Aulize mhudumu, "Treni ya kwenda town iko wapi?", afuate watu. Ubaya wake ni kusimama: viti vikijaa goti litalia. Tena akifika mjini bado atatafuta matatu ya mtaa wa binti. Kwake yeye njia ya pili ni bora, teksi ya Uber au Bolt aliyoitiwa na binti kutoka nyumbani. Binti ampe kwa simu namba ya gari na jina la dereva, shangazi aandike, apande gari lenye namba hiyo tu.

Wakubaliane pia mapema kama dereva atapita ile barabara ya juu ya kulipia, inayotoka Mlolongo hadi Westlands. Ada yake huenda haimo kwenye bei iliyoonekana kwenye programu, na mabishano ya nani analipa hufanyika mbele ya mageti ya ada, nyuma magari yanapiga honi.

#21 Binti_Chumbageni

Mawili ya mwisho. Tarehe ya kujifungua haijulikani vizuri, tukate lini? Na ya kurudi tukate kabisa?

#22 Karani_Mstaafu

Siku za kawaida za katikati ya wiki hata siku chache kabla nafasi zipo. Wikendi, Pasaka, Idi, Desemba yote na wiki shule zinapofunguliwa, daraja la kawaida huisha mapema. Hapo kateni mara tu mnapoijua tarehe. Kwenda dirishani Miritini asubuhi ya safari mkitumaini kupata ni kamari, na kwa mtu atokaye Tanga ni kamari ya gharama.

Kama tarehe inaweza kubadilika, kumbukeni tiketi ikifutwa hairudishwi hela yote. Hukatwa sehemu, na kadiri mnavyoikaribia saa ya kuondoka ndivyo kinachorudi kinavyopungua. Kumpa mtu mwingine aitumie haiwezekani, jina ni la shangazi. Kwa hiyo apange kwenda wiki moja kabla ya tarehe ya daktari, akae na mwanawe, kuliko kungoja uchungu ndipo mkimbizane na nafasi.

Ya kurudi msikate sasa. Mkikata, iwe ya asubuhi vilevile, na alale Mombasa vilevile. Akifika Miritini saa nane mchana anaweza kuona bado mapema aendelee Tanga, lakini atafika Lungalunga jioni, na mabasi ya upande wa pili yatakuwa yameshapungua.

#23 Mama_Halima254

Na siku ya kurudi aangalie tena hilo neno la 08:00. Nairobi kila mtu atamwambia "treni ni saa mbili", lakini binti yake na marafiki zake mtandaoni watamwandikia "8am". Andikeni kwenye karatasi yake yote mawili: saa mbili asubuhi = 08:00. Kutoka mtaa wa binti hadi Syokimau watoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na teksi iitwe usiku wa kuamkia siku hiyo.

#24 Binti_Chumbageni

Nimempigia dada Nairobi, anakata usiku huu: pasipoti, daraja la kwanza, Jumatano ya 08:00. Mbuzi ya nazi imebaki.

#25 Kibarani_Leo

Ujumbe wa tiketi ukifika, linganisheni namba ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu usiku huohuo. Kosa likionekana leo dada yako apige simu au aende dirishani Syokimau kurekebisha kabla ya safari. Msingoje hadi Miritini Jumatano alfajiri.